Hanang, Mbulu: Ulinzi wa kijiji si kukamata wezi pekee

Na Mwandishi Wetu

LINAPOTAJWA neno "ulinzi na usalama" katika mkutano wa kijiji wilayani Hanang au Mbulu, mkoani Manyara, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwa wezi wa mifugo, wavunja maduka na vijana wa doria ya usiku.

Mawazo hayo yana msingi. Katika maeneo ambayo ng'ombe ni akiba ya familia na kituo cha polisi huwa mbali na kitongoji, mwizi ni tishio la kweli, na kijiji kisichojilinda huamka maskini.

Hata hivyo, asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, adui aliyewafikia wakazi wa Katesh na vijiji vya jirani hakuwa mwizi. Lilikuwa tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang likiwa limebeba mawe na magogo, baada ya mvua kubwa kunyesha. Wengi walikuwa bado majumbani mwao.

Hadi jioni ya siku hiyo viongozi wa mkoa walikuwa wametangaza vifo 47. Siku zilizofuata idadi iliendelea kupanda, na kufikia katikati ya mwezi huo waliofariki walikuwa 89.

Serikali ilieleza siku ya pili kuwa zaidi ya kaya 1,150 zenye watu 5,600 ziliathirika, na kwamba ekari 750 za mashamba ziliharibiwa. Barabara kuu ipitayo Katesh kati ya Babati na Singida ilizibwa kwa tope na magogo, na shule ziligeuzwa kambi za muda.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha ziara yake na kufika Katesh Desemba 7.

Miongoni mwa maswali yaliyobaki baada ya misafara ya viongozi kuondoka, lipo moja ambalo jibu lake haliko Dodoma wala Babati. Ni nani mwenye wajibu wa kwanza wa kujua kwamba nyumba fulani imejengwa katika njia ya maji, na ni nani mwenye uwezo wa kuizuia isijengwe?

Kwa mujibu wa sheria, sehemu kubwa ya jibu hilo iko katika ofisi ya kijiji.

Mlima ulivyomeguka

Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni wa asili ya volkano na ni miongoni mwa milima mirefu kabisa nchini. Miteremko yake ni mikali, na makorongo kadhaa hushuka kutoka juu kuelekea kwenye makazi na mashamba yaliyo chini yake.

Serikali, ikinukuu uchunguzi wa wataalamu wa jiolojia, ilisema maporomoko yale hayakutokana na mlipuko wa volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji mengi, ikazidiwa na mgandamizo, ikameguka na kutengeneza tope lililofuata mkondo wa Mto Jorodom.

Mvua zenyewe hazikuja bila taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza mapema kuwa msimu wa vuli wa mwaka 2023 ungekuwa na mvua za juu ya wastani kutokana na hali ya El Nino.

Lakini utabiri wa msimu huzungumzia mikoa na kanda. Hauwezi kumwambia mkazi wa kitongoji fulani kwamba korongo lililo nyuma ya nyumba yake ndilo litakaloleta tope. Taarifa hiyo ya mwisho, yaani ya nyumba kwa nyumba na korongo kwa korongo, hupatikana kwa watu wanaoishi hapo na kwa viongozi waliowachagua.

Kijiji katika macho ya sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 146, inazitaka serikali za mitaa, pamoja na majukumu mengine, kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Maneno hayo hayakuishia kwa wahalifu. Mwananchi hulindwa pia dhidi ya moto, mafuriko na maporomoko.

Muundo wenyewe umewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Chombo cha juu katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo unapaswa kukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Chini yake ipo Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwamo wenyeviti wa vitongoji, na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe wote. Halmashauri hukutana kila mwezi chini ya mwenyekiti wa kijiji, na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Halmashauri ya Kijiji hufanya kazi kupitia kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama.

Viongozi wanaoongoza vyombo hivyo kwa sasa walipatikana katika uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika Novemba 27, 2024. Uongozi wao ni wa miaka mitano, muda unaotosha kupita misimu kadhaa ya vuli na masika.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Sheria hiyo ilikuwa tayari imepitishwa wakati tope linashuka Hanang.

Kwa hiyo kijiji hakikosi chombo. Kinachoamua ni iwapo chombo hicho kinakutana, kinaandika, na kinafuatilia kilichoandikwa.

Sungusungu na mipaka yao

Kamati ya ulinzi na usalama hufahamika zaidi kwa kusimamia doria. Utaratibu huo una historia ndefu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, pale wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, kisha wakaenea katika mikoa mingine.

Mwaka 1989 Bunge lilifanya marekebisho ya sheria za mgambo yaliyowatambua sungusungu na kuwapa uwezo wa kukamata wahalifu. Kuanzia mwaka 2006 Jeshi la Polisi nalo likaanzisha mpango wa polisi jamii, uliolenga kuwaunganisha askari na wananchi katika kuzuia uhalifu.

Uwezo huo una mipaka ambayo mara nyingi husahaulika. Mlinzi wa kijiji anaruhusiwa kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha polisi, lakini hana ruhusa ya kumpiga, kumtesa wala kumhukumu. Katiba, katika ibara ya 13, inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama, na inamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Kijiji kinachoruhusu doria yake ivuke mipaka hiyo hakijapata usalama. Kimebadilisha hofu ya mwizi kwa hofu ya walinzi.

Migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, ambayo nayo huvuruga amani, ina njia yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha. Mabaraza ya kata pia husuluhisha, lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hayana tena mamlaka ya kutoa hukumu katika mashauri ya ardhi.

Pamoja na mipaka hiyo, doria ina jambo moja ambalo ofisi nyingi za wilaya hazina: watu walio macho usiku. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Filimbi, baragumu na yowe linaloitisha kijiji kumfuata mwizi linaweza pia kukiamsha kijiji kwa ajili ya maji, ikiwa wakazi wamekubaliana mapema ni mlio upi una maana gani na watu wakimbilie wapi.

Dalili za kuangaliwa zinajulikana. Nyufa mpya zinazojitokeza kwenye mteremko, miti inayoanza kuinama, chemchemi inayochipuka mahali pasipo pa kawaida, na maji ya mto yanayogeuka tope ghafla au kupungua huku mvua ikiendelea kunyesha, yote huashiria hatari. Maji yanayopungua wakati wa mvua huenda yamezibwa juu kwa magogo na udongo, na yakipata njia hushuka kwa kishindo. Ngurumo inayotoka mlimani bila radi ni amri ya kukimbia, na anayekimbia hana budi kwenda pembeni kwenye mwinuko, asifuate bonde.

Mita 60 za sheria

Kazi kubwa zaidi ya kamati, hata hivyo, hufanyika mchana na kwa kalamu. Nayo ni kuamua watu wajenge wapi.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaitambua ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Miongoni mwa maeneo yaliyotajwa ni ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na miteremko yenye mwinuko unaozidi kiwango ambacho waziri hukiweka baada ya ushauri wa kitaalamu.

Tangazo rasmi la ardhi hatarishi hutolewa na waziri, baada ya wananchi na mamlaka za eneo husika kupewa nafasi ya kutoa maoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na maziwa.

Kijiji hakilazimiki kungoja tangazo la waziri ndipo kichukue tahadhari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji kwa niaba ya wakazi, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kila kiwanja kinachogawiwa na kijiji karibu na korongo kinapaswa, kabla ya kujengwa, kuwa kimepita mbele ya macho ya wanakijiji wote.

Vilevile, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Halmashauri huandaa mapendekezo, huyapeleka katika Mkutano Mkuu ili wananchi watoe maoni, kisha huyawasilisha katika Halmashauri ya Wilaya kwa ajili ya kuidhinishwa. Sheria ndogo ya kuzuia kulima, kukata miti au kujenga kandokando ya korongo hupitia njia hiyo hiyo ya sheria ndogo ya mifugo inayozurura.

Mfano wa Yaeda

Wapo wanaosema uwezo huo ni wa kwenye vitabu tu. Wilaya ya Mbulu ina mfano unaoonyesha vinginevyo.

Katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, jamii inayotegemea uwindaji, matunda, mizizi na asali. Kwa miaka mingi eneo lao lilikuwa likipungua kadiri wakulima na wafugaji walivyozidi kuingia, nao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa ardhi ile ni yao.

Mwaka 2011, kwa msaada wa asasi ya Ujamaa Community Resource Team, jamii hiyo ilipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, ikihusu eneo la zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo ilitolewa kwa jamii badala ya mtu mmoja mmoja, na ilijengwa juu ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji iliyoonyesha mahali pa kuishi, pa kulima, pa kuchunga na pasipoguswa.

Baadaye misitu hiyo iliingizwa katika mradi wa biashara ya hewa ukaa, na walinzi wanaotoka katika jamii wakawa wanaizungukia ili kuzuia ukataji miti na uvamizi. Mapato ya mradi yamekuwa yakisaidia mahitaji ya vijiji husika.

Yaeda haikuwa ikikabiliana na maporomoko, ila kalamu iliyotumika ni ile ile. Ikiwa mkutano wa kijiji unaweza kukubaliana kuwa eneo fulani halitalimwa kwa sababu ya asali na wanyama, unaweza pia kukubaliana kuwa ukingo fulani hautajengwa kwa sababu ya uhai wa watoto.

Funzo la Mulbadaw

Hanang yenyewe ina kumbukumbu inayoonyesha gharama ya kutokuwa na maandishi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa saba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig.

Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walilipeleka shirika hilo mahakamani, katika shauri lililofunguliwa mwaka 1981. Kisheria hilo liliwezekana kwa kuwa halmashauri ya kijiji iliyosajiliwa ni chombo kamili kinachoweza kushitaki na kushitakiwa.

Wanakijiji walishinda katika Mahakama Kuu, Arusha. Lakini Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, ikisema, pamoja na mambo mengine, kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kilikuwa kimegawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa kisheria.

Shauri hilo husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria za ardhi. Kwa mkazi wa kawaida, maana yake ni nyepesi kueleweka: kukaa mahali kwa muda mrefu na kujuana na majirani hakutoshi. Kilichoamuliwa na wanakijiji kinahitaji kuandikwa katika muhtasari, kutiwa saini, kupelekwa ngazi inayohusika na kutunzwa.

Muhtasari usioandikwa hauwezi kumzuia mtu kujenga korongoni, na daftari la wakazi lisilojazwa haliwezi kueleza ni akina nani walilala katika nyumba iliyofukiwa. Afisa mtendaji aliye na orodha sahihi ya kaya, na anayejua ni ipi ina mzee asiyeweza kutembea, huokoa saa ambazo waokoaji wangezitumia kuuliza.

Kuhama si jambo jepesi

Baada ya maafa ya Hanang, Serikali na wadau, likiwamo Shirika la Msalaba Mwekundu, walijenga zaidi ya nyumba 100 katika eneo la Waret kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi. Jina hilo si geni katika historia ya ardhi ya wilaya hiyo, kwa kuwa liliwahi kuwa la mojawapo ya mashamba saba ya ngano.

Nyumba mpya ni faraja kubwa. Lakini uzoefu wa kwingineko unaonyesha kuwa nyumba peke yake haimalizi kazi.

Nchini Uganda, maporomoko ya Machi 2010 katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yalifukia vijiji na kuua watu wengi. Serikali ya nchi hiyo ilihamishia sehemu ya manusura Kiryandongo, mbali na mlima. Baadhi yao walirudi baadaye, na Bududa imeendelea kupatwa na maporomoko.

Sababu za kurudi zinafahamika kwa yeyote aliyekulia mlimani. Udongo wa volkano una rutuba, maji yako karibu, na makaburi ya wazazi yako pale pale. Anayehamishwa huwekewa paa mahali pamoja huku shamba lake likibaki mahali pengine.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa nani ahame, ahamie wapi na shamba la zamani litumikeje, hauwezi kuachwa kwa amri ya ofisini. Ardhi iliyoachwa wazi kando ya korongo, isipopangiwa matumizi na mkutano wa kijiji, huvamiwa upya. Mwanzoni huwa bustani, kisha kibanda, kisha nyumba.

Inayofaa kwa maeneo ya namna hiyo ni matumizi yasiyolaza watu usiku, kama vile kupanda miti, majani ya mifugo au mazao. Mtu aliyelima bondeni mchana anaweza kukimbia akisikia ngurumo, tofauti na aliyelala.

Swali la mijini

Wakazi wa miji wanaweza kuyaona haya kuwa mambo ya vijijini. Hayako hivyo. Aprili 14, 2024, miezi minne tu baada ya Hanang, tope kutoka Mlima Kawetele lilifukia nyumba na kuvamia shule katika kata ya Itezi, jijini Mbeya.

Mitaa nayo ina mwenyekiti, kamati, afisa mtendaji na mkutano mkuu wa wakazi. Nayo ina mabonde yaliyojengwa, mifereji iliyozibwa kwa taka na viwanja vilivyouzwa kwa mashahidi wawili na karatasi ya daftari. Tofauti ni kwamba mjini jirani humjua jirani kidogo zaidi, na mahudhurio ya mikutano huwa haba.

Mikutano ya kijiji na mtaa ina sifa mbaya, na si bila sababu. Huchelewa kuanza, husomewa mapato na matumizi kwa haraka, hutawaliwa na michango, na mambo ya usalama huachwa hadi kipengele cha mengineyo, wakati watu wameanza kuondoka. Mingine haifanyiki kabisa kwa robo nzima ya mwaka.

Mkazi anayetaka kubadili hali hiyo hahitaji wadhifa. Yapo maswali machache ambayo ana haki ya kuyauliza akiwa amesimama mbele ya wenzake.

Kwanza, kamati ya ulinzi na usalama ilikutana lini mara ya mwisho, na muhtasari wake uko wapi? Pili, je, kamati ya maafa ya kijiji au mtaa ipo, na ni nani wajumbe wake?

Tatu, ni nyumba zipi zilizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni au zilizo mdomoni mwa korongo, na ni nani aliyeidhinisha viwanja hivyo? Nne, ikitokea hatari usiku, ishara ni ipi, watu wakimbilie wapi, na nani anawabeba wasiojiweza?

Tano, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotolewa redioni, ni nani katika kijiji mwenye kazi ya kuipeleka hadi kitongoji cha mwisho?

Maswali hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu wa kuyauliza, katibu wa kuyaandika, na mkutano unaofuata wa kuuliza majibu yamefikia wapi. Mwenyekiti anayejua kuwa ataulizwa tena baada ya miezi mitatu hujiandaa tofauti na yule anayejua kuwa hakuna atakayekumbuka.

Hakuna halmashauri ya kijiji iliyoweza kuuzuia Mlima Hanang usimeguke. Mvua ya usiku ule na udhaifu wa mwamba vilikuwa nje ya uwezo wa binadamu. Lakini mahali ilipo nyumba, njia ya kukimbilia, orodha ya waliomo ndani na mlio wa kuwaamsha ni mambo ambayo watu huyapanga wenyewe, mchana, wakiwa wamekaa chini ya mti au mbele ya ofisi ya kijiji.

Mwizi akiingia zizini usiku, kijiji kizima hutoka. Kesho yake kikao huitwa, doria hupangwa upya na majina huandikwa. Korongo lililo nyuma ya nyumba linastahili kikao kama hicho, nacho kiitwe kabla halijaleta msiba.